Dondoo muhimu: Mafaili yasitekwe

Ijumaa ya Mei 12, 2017, virusi vya WannaCry vilianza kusambaa hadi kufikia kompyuta za nchi zaidi ya 150. Hospitali za Uingereza zikaahirisha upasuaji. Kinachosikitisha, Microsoft walikuwa wametoa sasisho la kuziba ufa uliotumiwa na virusi hivyo tangu Machi. Mwaka 2023 virusi vya aina hiyo vikaikumba Naivas, supamaketi kubwa za Kenya.

Virusi hivi hufunga mafaili yasisomeke, kisha mhalifu hudai fidia, mara nyingi kwa bitcoin.

Jijini Dodoma, kuanzia ofisi za Serikali za Mtumba hadi steshenari zinazochapa kazi za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), kinga ya kwanza ni nakala. Kazi zinakiliwe kila wiki kwenye hadidisiki ya nje, kisha ichomolewe. Ikibaki imechomekwa, nayo itafungwa. Hapa ndipo wengi huumia: nakala wanayo, ila imo ndani ya mashine ileile.

Masasisho yasiahirishwe. Windows 10 iliacha kuyapata kwa kawaida Oktoba 14, 2025. Programu zilizovunjwa ufunguo ziepukwe, na “ankara” ya barua pepe kutoka kwa mtu asiyejulikana isifunguliwe.

Aliyetekwa achomoe kebo ya mtandao na kuzima Wi-Fi mara moja. Asiharakishe kulipa, kwani malipo hayahakikishi mafaili kurudi. No More Ransom, mradi ulioanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama, hutoa bure funguo za baadhi ya virusi hivi. Taarifa ifike polisi na TZ-CERT, kikosi cha kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).