SOMO LA KURA: KARATASI TATU ZA PASIANSI NA KARATASI TANO ZA PEMBA



Uchaguzi mkuu uliopita ulifanyika tarehe 29 Oktoba 2025, na kwa hesabu ya miaka mitano, wa kufuata utakuwa mwaka 2030. Huenda mtu akauliza, mbona somo hili linakuja mapema namna hii? Jawabu ni jepesi. Mkulima wa karafuu hangoji karafuu ziwive ndipo aanze kutafuta wachumaji, majamvi na magunia. Kadhalika kura. Anayeanza kuitafuta haki yake wiki ya mwisho, aghalabu huikosa.

Jawabu la pili ni zito zaidi. Uchaguzi wa 2025 haukupita kwa salama. Chama kikuu cha upinzani huko Bara hakikuwamo katika karatasi za kura, na siku ya kupiga kura kulitokea fujo katika miji kadhaa ya Bara, na watu wakafa. Wako ndugu zetu waliosema baada ya hapo, "Kura ina faida gani?" Swali hilo ni la haki, wala hatutalifunika. Somo hili halimwambii mwanachama amchague nani, wala halimlazimishi kwenda. Kazi yake ni moja tu: asiwepo hata mmoja wetu atakayepoteza haki yake kwa sababu ya kutojua.

1. Uzito wa kura moja

Visiwani mwetu uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957, kwa viti sita tu. Wanawake hawakupiga kura, na hata wanaume walitakiwa wawe na sifa za umri, mali au elimu. Uchaguzi wa Januari 1961 ulikuwa wa viti 22. Afro-Shirazi Party ilipata viti 10, Zanzibar Nationalist Party 9, na ZPPP 3. Katika viti 10 hivyo vya Afro-Shirazi kimoja kilikuwa cha Chake Chake, nacho kilipatikana kwa kura moja tu. Kisha wabunge wa ZPPP wakagawanyika, pande mbili zikawa sawasawa, kumi na moja kwa kumi na moja. Haikuwezekana kuunda serikali yenye wingi, na uchaguzi ukarudiwa mwezi wa Juni mwaka huo huo. Fikirini: lau mtu mmoja wa Chake Chake angekaa kwake siku ile, viti vingehesabiwa vingine.

Na upande wa Ziwa Victoria kuna mfano wake. Paul Bomani alikuwa kiongozi mashuhuri wa vyama vya wakulima wa pamba kule Mwanza, tena akawa Waziri wa Fedha. Uchaguzi wa 1965 ulikuwa wa chama kimoja, lakini kila jimbo liliweza kuwa na wagombea wawili, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Bomani alishindwa. Hata chini ya chama kimoja, wakulima wale waliweza kumwondoa waziri.

2. Karatasi tatu na karatasi tano

Wanachama wengi wana watoto au ndugu waliokwenda Bara kufanya biashara. Basi tuchukue mahali pamoja tupafanye mfano: Pasiansi, mjini Mwanza, kwenye njia iendayo uwanja wa ndege. Pasiansi ni kata katika Manispaa ya Ilemela.

Mpiga kura wa Pasiansi hupewa karatasi tatu katika uchaguzi mkuu. Ya kwanza ni ya Rais wa Jamhuri ya Muungano pamoja na mgombea mwenza wake. Ya pili ni ya Mbunge wa Jimbo la Ilemela. Ya tatu ni ya Diwani wa Kata ya Pasiansi. Zote tatu husimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, ambayo sheria yake ya sasa ni ya mwaka 2024.

Mpiga kura wa Wete au Mkoani hupewa karatasi tano. Tatu ni za Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar: Rais wa Zanzibar, Mwakilishi, na Diwani. Mbili ni za Tume ya Taifa: Rais wa Muungano na Mbunge.

Yafaa tuielewe tofauti hii, kwani tume ni mbili na maamuzi yao ni mbalimbali. Mwaka 2015 jambo hili lilionekana wazi. Tarehe 28 Oktoba Mwenyekiti wa Tume ya Zanzibar alitangaza kuufuta uchaguzi wa Zanzibar, na kura zikarudiwa tarehe 20 Machi 2016. Lakini kura za Muungano, zilizopigwa hapa hapa visiwani siku ile ile, hazikufutwa. Kwa hiyo mtu akikuambia "uchaguzi umekuwa hivi", muulize kwanza: uchaguzi gani, na tume gani?

Kuna tofauti nyingine. Kule Pasiansi watu huchagua pia mwenyekiti wa mtaa. Uchaguzi huo wa serikali za mitaa hufanyika mbali na uchaguzi mkuu. Wa mwisho ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024. Orodha yake ya wapiga kura ni nyingine. Aliyeandikishwa kwa ajili ya mtaa asidhani amekwisha ingia katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Sisi visiwani tuna sheha, naye huteuliwa, hapigiwi kura.

3. Mwana aliyehamia

Tuseme kijana wa Micheweni amefungua duka Pasiansi. Anakaa huko miaka minne, na kila mwaka hurudi nyumbani msimu wa kuchuma. Uchaguzi ukifanyika Oktoba, naye yuko Pemba juu ya mkarafuu, atapiga kura wapi?

Kwa kawaida mtu hupiga kura katika kituo alichoandikishwa. Ikiwa kijana huyu ameandikishwa Pasiansi, basi karatasi zake tatu zinamngoja Pasiansi. Akiwa Micheweni siku hiyo, hana hata moja. Wala hawezi kujiandikisha kotekote ili achague pa kwenda, kwa sababu kuandikishwa mara mbili ni kosa la sheria.

Tuseme tena kwamba amefunga duka na kurudi nyumbani moja kwa moja. Sheria ya Zanzibar inamtaka mpiga kura awe na Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na awe ameishi katika jimbo miezi 36 mfululizo. Miezi 36 ni miaka mitatu kamili. Akirudi mwaka mmoja tu kabla ya uchaguzi, huenda akakosa karatasi tatu za Zanzibar. Hata hivyo hajakosa yote. Tume ya Taifa huwaandikisha walioko Zanzibar ambao hawakutimiza masharti ya Zanzibar, nao hupiga kura mbili za Muungano.

Ndiyo maana somo linakuja sasa. Mwenye kukusudia kurudi, na ahesabu miezi yake. Mwenye kukusudia kubaki Pasiansi, na ahamishie taarifa zake huko wakati daftari linapoboreshwa. Asikae katikati, huku hayumo na kule hayumo. Na mwenye jambo la pekee amwendee afisa wa uchaguzi wa wilaya; asitosheke na maneno ya barazani.

4. Matayarisho

Mambo ya kutazama ni haya:

(a) Umri na uraia. Mpiga kura ni raia aliyetimiza miaka 18. Watazameni vijana wenu ambao leo wana miaka 14 au 15. Mwaka 2030 watakuwa wapiga kura. Visiwani wahitaji kitambulisho kwanza, ndipo waende kuandikishwa.

(b) Jina. Daftari hubandikwa wazi ili watu walikague. Nenda ukalitazame jina lako, namna lilivyoandikwa, na kituo chako. Kwenye mizani ya karafuu hakuna anayeondoka bila kuisoma stakabadhi yake. Na kwenye daftari iwe vivyo hivyo. Ukiona jina la marehemu, toa taarifa.

(c) Kadi. Iweke pamoja na hati ya shamba. Usimkabidhi mtu, hata akiwa jamaa, hata akisema anataka kunakili namba tu. Ikipotea, toa taarifa mapema.

(d) Wagombea. Wasikilize wote. Waulize yanayotugusa: bei ya karafuu, miche mipya, barabara za mashambani, malipo ya haraka. Diwani hana uwezo wa kupanga bei ya karafuu; akikuahidi, jua hana anachokiahidi. Kila kazi ina mwenyewe.

(e) Zawadi. Mtu akija na sukari, khanga au fedha, ajue anajaribu kununua kitu kisichouzwa. Zamani sheria ya uchaguzi ya Muungano iliruhusu ukarimu wa namna hiyo kwa jina la takrima, lakini Mahakama Kuu iliubatilisha mwaka 2006.

5. Siku ya kura

Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na hufungwa saa 10 jioni. Aliyekwisha simama katika mstari kabla ya saa 10 ana haki ya kupiga kura, asikubali kurudishwa.

Utaonyesha kadi, jina litatafutwa katika orodha, utapewa karatasi, nawe utakwenda peke yako ndani ya kituturi. Weka alama moja katika chumba cha mgombea mmoja. Ukiweka kwa wawili, kura imeharibika. Ukiandika jina lako au kutia sahihi, imeharibika. Ukikosea kabla ya kutumbukiza, mrudishie msimamizi akupe karatasi nyingine.

Kujua kanuni si jambo dogo. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959, kila mpiga kura alitakiwa amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Aliyemtia alama Mwafrika peke yake, kura yake haikuhesabiwa. TANU, baada ya mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958, ilikubali kuingia katika uchaguzi huo mgumu, na wagombea iliowaunga mkono wakashinda. Hawakuipenda kanuni, lakini waliisoma.

Mama mwenye mimba au mtoto mchanga, mzee na mgonjwa hutangulizwa mbele. Asiyeona anaweza kusaidiwa na mtu anayemwamini mwenyewe, si msimamizi wa kituo wala wakala wa chama.

6. Baada ya kura

Kura huhesabiwa mbele ya mawakala, na matokeo ya kituo hubandikwa nje. Mwenye kutaka kujua ukweli wa kituo chake na asome karatasi hiyo kwa macho yake, aandike tarakimu, kisha alinganishe na zitakazotangazwa.

Matokeo ya ubunge yanaweza kupingwa Mahakama Kuu. Lakini kwa Katiba ya Muungano, ibara ya 41(7), Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama nchini inayoweza kuchunguza uchaguzi wake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua mwaka 2020 kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Kwa sababu hiyo, uangalizi wa kweli ni ule wa kabla: daftari, mawakala, na hesabu ya kituoni. Majuto ni mjukuu.

Maswali ya mazungumzo katika matawi

1. Mpiga kura wa Pasiansi na wa Pemba, kila mmoja hupewa karatasi ngapi, na za tume gani?
2. Ndugu yako amerudi kutoka Mwanza miezi 20 kabla ya uchaguzi. Ana haki ya karatasi zipi?
3. Katika tawi lenu, ni wanachama wangapi waliokwisha kukagua majina yao? Nani atawasaidia wazee wasioweza kufika?
4. Ikiwa mtu amevunjwa moyo na mambo ya 2025, tumjibu nini bila ya kumdanganya?

Katibu wa kila tawi ayaandike majibu, hasa ya swali la tatu, ayalete katika mkutano ujao wa wilaya.