Till Iko kwa Simu ya Nani, na Hisa Ziko kwa Nani?

Chukulia mfano huu. Mume na mke wana kampuni yenye hadiwea mbili: moja Makongeni, Thika, nyingine Ruiru mjini. Mke ndiye hushinda Ruiru. Till iko kwa simu yake, na mafundi humpigia yeye. Siku moja wanaomba mkopo, benki inaitisha CR12. Karatasi inasema: mwanahisa ni mume, mkurugenzi ni mume. Jina la mke halipo.

Hakuna sheria iliyovunjwa. Sheria ya Kampuni ya 2015 inaruhusu kampuni binafsi kuwa na mwanahisa mmoja na mkurugenzi mmoja. Shida ni kuchanganya mambo matatu:

1. Hisa: nani anamiliki kampuni.
2. Ukurugenzi: nani anaiendesha.
3. Till na PIN: nani anashika pesa kila siku.

Kushika simu si kumiliki.

Je, mgawane vipi?

• 50 kwa 50: hakuna anayeweza kumshinda mwenzake kwa kura. Mkikosana, kazi inakwama. Andikeni mapema mtakavyotatua mvutano.
• 51 kwa 49: tofauti inaonekana ndogo, lakini mwenye 51 anaweza kupitisha azimio la kawaida, hata la kumwondoa mwenzake kwenye ukurugenzi.
• Asilimia 75: hapo ndipo mtu anaweza kubadilisha katiba ya kampuni peke yake.

"Lakini tumeoana!" Ndiyo. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inatambua mchango usio wa pesa, ikiwemo kulea watoto na kusimamia biashara ya familia. Ila mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema ndoa pekee haikupi nusu moja kwa moja. Lazima uthibitishe mchango wako. Tena mali ya kampuni ni ya kampuni, si ya mume wala mke.

Fanyeni hivi wiki hii:

• Ingieni eCitizen, mwitishe CR12 na muisome pamoja.
• Kama haionyeshi mlichokubaliana, badilisheni hisa au wakurugenzi na kusajili mabadiliko.
• Karo ikitoka kwa till, iandikwe: ni mshahara, gawio au mkopo?
• Taarifa za till zionwe na wote wawili. PIN ibaki siri ya aliyesajiliwa, hata kama mnalala nyumba moja.

Mazungumzo haya ni rahisi mkiwa mnaelewana. Msingoje siku ya kugombana.