Kuviweka Vitu vya Kale Mbele ya Watu: Kazi Ambayo Mgeni Haioni

Mtu aingiapo katika nyumba ya makumbusho, kama Beit el Amani ya Unguja iliyofunguliwa mwaka wa 1925, au ile ya Nairobi ya mwaka wa 1930, au ile ya Dar es Salaam ya mwaka wa 1940, huona ngoma, mikuki, vyungu na viti vimepangwa vizuri nyuma ya vioo, akadhani kwamba kazi yote ni kuvileta na kuvitua hapo. Sivyo. Kabla ya mlango kufunguliwa hufanyika kazi ya miezi mingi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo mgeni hataiona kamwe. Twapenda kuwaeleza habari zake machifu, walimu na wazee wa koo ambao wataka kutenga chumba kimoja, shuleni au barazani, kiwe cha kuhifadhi vitu vya wazee wetu na kuwaonyesha vijana.

Sisi tulijifunza umuhimu wa jambo hili kwa uchungu. Wakati mmoja yalifanywa maonyesho katika wilaya, na ukoo wetu ukaazimwa ngoma yake ya zamani. Ngoma hiyo ilikuwa imezoea kukaa katika nyumba ya msonge, penye giza na ubaridi. Huko ikawekwa katika chumba cha mabati, mbele ya dirisha lielekealo magharibi, ikapigwa na jua la alasiri siku tisa. Ngozi ikakauka, ikajikaza, ikapasuka penye vigingi. Iliporudishwa tuliuliza, nasi tukajibiwa kwamba ilikuja hivyo hivyo. Hatukuwa na karatasi wala picha ya kuonyesha vingine. Mzee aliyekuwa mtunzaji wake hakusema neno. Aliigeuza, akaitazama chini na juu, akairudisha darini.

Basi kazi ya kwanza si ya nyundo wala ya msumari, ni ya kalamu. Kila kitu kiingiacho chumbani na kiandikwe katika daftari siku ile ile: jina lake kwa lugha ya wenyewe, kimetengenezwa kwa nini, kimetoka kijiji gani, nani amekileta, na kama amekitoa kabisa au ameazima tu. Kisha vipimo vyake, na kasoro zake zote, hata ufa ulio mdogo kama unywele. Kipigwe picha pamoja na rula kando yake. Mwenye kitu na mpokeaji watie sahihi wote wawili, kila mmoja abaki na nakala yake, na siku ya kukirudisha watazame karatasi ile pamoja. Daftari lenyewe liwe na nakala ya pili katika nyumba nyingine, maana moto hauchagui.

Namba ya kitu hufanywa kwa mwaka, fungu na kitu chenyewe. Tuseme 2025.2.6, yaani kitu cha sita katika fungu la pili lililopokewa mwaka wa 2025. Msiichore kwa kisu, wala msitumie kalamu ya wino wa kawaida juu ya kitu chenyewe, wala utepe wa gundi, kwa sababu gundi yake huoza ikaacha doa la manjano. Wenye makumbusho hupaka vanishi safi kidogo mahali pasipoonekana, huandika juu yake kwa wino, wakafunika kwa vanishi tena, ili namba iweze kuondolewa pasipo kudhuru kitu. Nguo hushonewa kipande cha utepe wa pamba chenye namba. Asiye na vifaa hivyo atumie kadi ndogo iliyoandikwa kwa penseli na kufungwa kwa uzi wa pamba, yatosha.

Huenda msomaji akaona haya ni mambo madogo ya karani. Na akumbuke habari ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe, aliyekufa mwaka wa 1898, ambaye ilisemwa kwamba kichwa chake kilichukuliwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka wa 1919 uliagiza kirudishwe, lakini hakikurudi hata tarehe 19 Juni, 1954, Gavana Twining alipokikabidhi kwa Wahehe huko Kalenga. Katika makumbusho ya Bremen yalikuwako mafuvu mengi sana, wala halikuonekana moja lenye jina lake. Ikalazimu kuyapima na kuyalinganisha na vipimo vya vichwa vya jamaa zake walio hai, na hata sasa wako watu wenye shaka. Kwa upande wa pili, vigango viwili vya Wamijikenda viliibwa Kenya mwaka wa 1985, vikaonekana baadaye katika makumbusho ya Marekani. Vilitambulikana kwa sababu mtaalamu mmoja alikuwa amevipiga picha pamoja na mwenyewe kabla havijaibwa, na kimoja kilirudishwa kwa wenyewe mwaka wa 2007. Picha moja ilifanya kazi ambayo maneno mengi yasingaliweza.

Habari ya vigango yatuonya jambo jingine pia. Si kila kitu kilicho kizuri chafaa kuwekwa mbele ya watu. Viko vitu vya tambiko, vya jando na unyago, na vya makaburi, ambavyo wenyewe hawapendi vitazamwe na kila mtu. Waulizwe wazee kwanza, wala wasiulizwe barazani mbele ya watu, ambapo wataona haya kukataa. Wakikataa, yamekwisha.

Sasa twaja kwa adui mkubwa, naye ni mdudu. Mchwa kila mtu amjua. Dawa yake ya kwanza ni kuliweka kabati mbali na ukuta, tuseme inchi 6, ili njia zake za udongo zionekane mapema. Lakini bungua hufanya kazi ndani ya mti kwa siri. Dalili yake ni matundu madogo ya mviringo na unga laini uangukao chini. Nondo hula sufu na manyoya ya ndege, na wako wadudu wadogo ambao viwavi vyao vyenye nywele hula ngozi, wakaacha magamba yao mahali pale. Kwa hiyo kitu kipya kisiingizwe moja kwa moja penye vingine. Kifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya karatasi nyeupe, kiachwe peke yake wiki kadhaa. Unga mpya ukionekana juu ya karatasi, mjue yumo mdudu aliye hai.

Njia ifaayo ya kuwaua, palipo na umeme, ni baridi. Kitu hufungwa barabara katika plastiki, hutiwa ndani ya friza yenye baridi ya digrii 20 chini ya sifuri, hukaa humo wiki mbili. Kikitolewa kisifunguliwe mpaka kesho yake, kimekwisha kupata joto la chumba, la sivyo umande utashuka juu yake badala ya juu ya mfuko. Ngoma yenye ngozi iliyowambwa msiitie, wala kitu kilichopakwa rangi, maana huweza kupasuka au kubanduka. Na desturi ya kuanika vitu juani ili wadudu watoke, ingawa ni ya wazee, huharibu rangi na kupasua mti. Kadhalika kunyunyiza mafuta ya taa au dawa za mende. Tuongeze kwamba zamani wanyama waliojazwa na ngozi nyingine za makumbusho zilipakwa sumu ya aseniki. Mwenye kupewa kitu cha namna hiyo asikishike kwa mikono mitupu, wala asiwape watoto wa shule wakipapase.

Adui wa pili hana miguu, naye ni nuru. Nguo, karatasi, manyoya na ngozi zilizotiwa rangi hupauka kwa mwanga, na rangi iliyokwisha kupauka hairudi. Wataalamu huweka kipimo cha laksi 50 kwa vitu hivyo, yaani karibu sawa na nuru ya mishumaa mitano iliyo mbali futi moja. Jua la mchana nje laweza kufika laksi 100,000. Basi madirisha yatiwe mapazia mazito, na nguo ya thamani ionyeshwe miezi mitatu, kisha ipumzishwe gizani na kuwekwa nyingine mahali pake. Ikiwekwa, na iviringishwe juu ya bomba la karatasi lililofunikwa kitambaa cha pamba, isikunjwe, maana kila mkunjo mwishowe huwa mpasuko. Na unyevu nao una sheria yake: ukungu huota hewa inapokuwa na unyevu wa zaidi ya 65 hadi 70 katika mia, na mti uliozoea hewa ya pwani ukipelekwa ghafula katika ukavu wa Dodoma hupasuka. Mpitisheni hewa chumbani, na vitu vizoezwe polepole.

Kuhusu kabati lenyewe, fundi seremala na amalize kazi mapema. Mbao mbichi, gundi na rangi mpya hutoa mvuke wenye asidi, na mvuke huo ukifungiwa pamoja na bangili za shaba au risasi huzitia kutu. Iachwe milango wazi wiki nne kabla ya kutia kitu. Pambo la fedha lisilazwe juu ya kitambaa cha sufu, litageuka jeusi. Pamba iliyofuliwa bila rangi ni salama.

Katika kubeba, mtu avue pete na saa, ajue anakokwenda kabla hajainua, na mlango uwe umekwisha kufunguliwa. Chungu hakishikwi kwa mdomo wala kwa mkono wake bali kwa kitako, kwa mikono miwili. Kigoda huinuliwa kwa kukikamata chini ya kikalio. Chuma na shaba vishikwe kwa glovu, kwa sababu jasho la vidole huacha alama itakayoonekana mwaka ujao. Vumbi liondolewe kwa brashi laini iliyo kavu. Msisugue shaba hata ing'ae, wala msipake mafuta kinyago. Weusi ule wa mikono ya wazee ndio historia yake.

Chungu chenye kitako cha mviringo hakitaki kigingi cha chuma. Mama zetu walikwisha kulitatua jambo hilo: kifanyiwe kata, kama ile ya kubebea maji kichwani, lakini ya kitambaa cha pamba, ipunguzwe upana hata isionekane. Mkuki ulazwe juu ya ndoano mbili zilizofungwa kitambaa, kila moja ikiwa robo ya urefu kutoka mwisho, ili mti usipinde katikati. Nguo isipigiliwe misumari. Ishonewe mfuko mrefu upande wa juu, upitishwe ufito, na ufito ndio utundikwe.

Na kabla hamjatoboa ukuta hata tundu moja, chora kwa chokaa sakafuni ukubwa wa kabati au wa ukuta ule, kata karatasi zenye umbo la kila kitu, zipange hapo chini, zisogeze mpaka macho yaridhike. Karatasi ikianguka haivunjiki. Katikati ya kitu kitundikwacho pawe kiasi cha inchi 58 kutoka sakafuni, ndipo macho ya mtu mzima. Kwa chumba cha shule ya watoto wadogo shusheni, wala msiwaulize wakubwa.

Maelezo yawe mafupi, maneno 50 yatosha, kwa herufi zenye urefu wa robo inchi, nyeusi juu ya nyeupe. Yaanze kwa jambo ambalo macho yaweza kulithibitisha hapo hapo: “Tazama upande wa kushoto, ulivyolika kwa mkono wa mpigaji.” Lakini “Ngoma ya kale” si maelezo, mgeni amekwisha kuona kwamba ni ngoma, na kwamba ni ya kale. Yaandikwe kwa lugha ya mahali, na jina la mtengenezaji likijulikana litangulie jina la mwenye kutoa. Kisha asomewe mzee wa ukoo ule kabla ya kubandikwa. Sisi tumeona mara nyingi mzee akicheka katika mstari wa pili, na mstari huo ukafutwa.

Ngoma yetu ingali darini. Fundi mmoja alijitolea kuiwamba ngozi mpya, lakini wazee wamesema iachwe na mpasuko wake. Wako radhi kuiazimisha tena, ila safari hii wametaka karatasi, picha, na chumba kisicho na dirisha upande wa magharibi.