Dondoo muhimu: Kazi ya chuo inayomfikirisha mwanafunzi

Kwa wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Kisii na wakufunzi wa vyuo vingine vya Kisii na Nyamira:

• Anza na lengo. Mwanafunzi aweze kufanya nini akimaliza? Tumia kitenzi kinachopimika: linganisha, kadiria, tetea, buni.

• Tumia mazingira. Jibu la "Eleza soko la chai" hunakiliwa mtandaoni papo hapo. Badala yake: "Fuatilia kilo moja ya majani mabichi kutoka shambani hadi kiwanda cha Kebirigo. Mkulima anagharimika wapi?" Wanafunzi wa biashara wachunguze bei za ndizi soko la Daraja Mbili, na wa sanaa, uchongaji wa mawe wa Tabaka.

• Igawe kazi. Wiki ya 3 swali la utafiti, ya 6 rasimu, ya 10 ripoti. Toa maoni kila hatua ili makosa yarekebishwe mapema.

• Tangaza vigezo mwanzoni. Kwa mfano, kati ya alama 30: data 10, uchambuzi 15, lugha 5.

• Fikiria nauli na bando. Anayeishi Keroka afanyie utafiti Keroka. Ruhusu mahojiano kwa Ekegusii.

• Sisitiza idhini. Mkulima au mchuuzi akubali kwanza, na jina lake lisiandikwe bila ruhusa.

• Muulize mwanafunzi ana kwa ana. Dakika 5 za maswali zitaonyesha kama ripoti ni jasho lake.