Dawa ya Tumbo Itokayo katika Pamba

Kila mfugaji wa Kalama, katika Machakos, ajua ya kuwa mbuzi hushiba kwa majani makavu yasiyomfaa mwanadamu. Majani hayo yamejengwa kwa selulosi, nayo ndiyo hasa uzi wa pamba. Tumboni mwa mbuzi mna vijidudu viivunjavyo. Tumbo la mtu haliiwezi.

Kazi ya tumbo la mtu ilionekana wazi kwa ajali. Tarehe 6 Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac, Marekani, bunduki ilifyatuka ikamjeruhi Alexis St. Martin, kijana mtumishi wa biashara ya manyoya. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimwuguza akapona, lakini tundu la tumbo halikuzibika. Tundu la namna hii huitwa fistula. Mwaka wa 1825 Beaumont alifunga vipande vya nyama, mkate na kabichi kwa uzi wa hariri, akavitumbukiza tunduni, kisha akavivuta kila baada ya muda ili aone vimeyeyuka kiasi gani. St. Martin alichoshwa na kazi hiyo, akaenda zake zaidi ya mara moja. Wala si ajabu, maana ni nani apendaye tumbo lake liwe dirisha la watu?

Wataalamu wa siku hizi huchukua selulosi ya pamba au ya mti, wakaigeuza kwa dawa kali hata ikawa unga mweupe uitwao methiliselulosi. Unga huu hunywa maji, ukavimba na kuwa mzito kama uji, lakini hauyeyushwi tumboni wala hauingii damuni. Kwa hiyo wachunguzi wa tumbo waweza kuutumia kama uji usio na lishe. Na mgonjwa aliyefunga choo hupewa, kwa kuwa hufika utumbo mkubwa ungali na maji yake, ukalainisha choo. Ndugu yake, kaboksimethiliselulosi, hutiwa katika matone ya macho makavu.

Isyo, yaani mahindi na maharagwe pamoja na maganda yake, hufanya kazi iyo hiyo bila gharama. Muthokoi umekwisha kukobolewa, basi nguvu yake hiyo imepungua.

Unga huo sharti unywewe na bilauri nzima ya maji. Ukimezwa kwa maji haba waweza kuvimba kooni na kumkaba mtu. Na huko vilimani, maji yachotwapo mbali wakati wa kiangazi, hili si jambo dogo. Naye mwenye maumivu makali ya tumbo pamoja na kutapika asipewe kabisa, bali apelekwe hospitali upesi.