Kufundisha Homa: Jinsi Kinga ya Mwili Inavyopeleka Habari Ubongoni

Wakati wa mazoezi ya kufundisha tuliwahi kuketi nyuma ya darasa katika shule moja wilayani Ruangwa. Mtoto mmoja alilaza kichwa juu ya dawati. Mwanachuo aliyekuwa akifundisha alimwita mvivu, akamsimamisha hadi mwisho wa kipindi. Nasi wakufunzi hatukusema neno. Jioni tulipata habari kwamba mtoto yule amepelekwa zahanati, akaonekana ana malaria. Kosa lilikuwa letu sote, na dawa yake ni kulielewa vema somo la homa.

Maelezo kwa Mwalimu

Wengi wetu hufundisha mfumo wa neva wiki hii na kinga ya mwili wiki ijayo, kana kwamba ni majirani wasiosalimiana. Sivyo ilivyo. Mifumo hiyo hupashana habari kwa njia ya vipokezi. Kipokezi ni protini ya chembe hai ipokeayo mjumbe wake maalumu, kama kufuli lipokeavyo ufunguo. Mjumbe akipokelewa, chembe hubadili kazi yake.

Tuchukue malaria, ugonjwa ujulikanao sana Nachingwea na Ruangwa. Vimelea huzaana ndani ya chembe nyekundu za damu, kisha huzipasua. Kwa Plasmodium falciparum mzunguko huo huchukua saa 48 hivi. Chembe nyeupe huvitambua kwa vipokezi vyake, nazo hutoa wajumbe waitwao saitokini. Hao hupokelewa na vipokezi vya mishipa ya damu ya ubongo, na hapo hutengenezwa prostaglandini. Prostaglandini huziathiri neva za haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayotawala joto la mwili, na kiwango cha joto hupandishwa. Ndiyo maana mtoto hutetemeka kwa baridi ilhali mwili wake ni wa moto. Saitokini pia huleta usingizi, uchovu na kukosa hamu ya chakula.

Ubongo nao hujibu. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani, akiwamo Kevin Tracey, walionyesha katika panya kwamba kuiamsha neva ya vagasi hupunguza saitokini zinazochochea uvimbe.

Hatua za Somo

1. Waulize wanafunzi: mgonjwa wa homa hujisikiaje? Andika majibu ubaoni.

2. Chagua wanafunzi watatu wawe chembe nyeupe, mshipa wa damu wa ubongo, na haipothalamasi. Kata maboksi matupu upate vipande viwili vya wajumbe, saitokini na prostaglandini, na vipokezi vinavyoingiana navyo. Kipande kisipoingia, ujumbe usipite.

3. Ondoa kipande cha prostaglandini. Je, homa itapanda? La. Hivyo ndivyo parasetamoli inavyoshusha homa: hupunguza utengenezaji wa prostaglandini. Je, vimelea vimekufa? La. Kwa hiyo mgonjwa hana budi kupimwa na kupewa dawa ya malaria.

Hitimisho

Mtoto asinziaye darasani huenda anatii amri iliyotoka katika damu yake mwenyewe. Kabla ya kumkaripia, msogelee, muulize hali yake, umguse paji la uso. Ukimshuku kuwa mgonjwa, mjulishe mwalimu mkuu ili mtoto apelekwe zahanati siku hiyo hiyo.

Zoezi

Eleza kwa mchoro safari ya ujumbe kutoka chembe nyeupe hadi ubongoni. Kisha eleza kwa nini homa iliyoshuka si ushahidi wa kupona.