Sikio Kabla ya Mkono: Mbinu za Mwalimu Binafsi wa Muziki na Matumizi Yake Darasani

1. Utangulizi

Mwalimu binafsi wa muziki ni yule anayemfundisha mwanafunzi mmoja mmoja, aghalabu nyumbani, kwa ujira wanaopatana wao wenyewe. Katika mji mdogo kama Tinde, penye njia panda ya barabara za Nzega, Kahama na Shinyanga, kazi hiyo haihitaji jengo wala bango. Aweza kuwa mwalimu wa kwaya anayemwelekeza kijana kwenye kinanda baada ya mazoezi ya jioni, au fundi wa ngoma anayemketisha mwanagenzi kando yake. Makusudi ya makala haya ni kuchunguza jinsi walimu wa namna hiyo wanavyoliendea somo, na kuonyesha yale ambayo mwalimu wa shule ya msingi aweza kuyachukua, hata kama darasani hamna chombo.

2. Kupima sauti kabla ya kufundisha

Mwalimu wa darasa huanza na wimbo. Mwalimu binafsi huanza na mtu. Humtaka mwanafunzi atoe sauti yoyote inayomjia kwa urahisi, kisha hupanda naye hatua kwa hatua, na kushuka naye, hadi aijue mipaka yake. Hapo ndipo huchagua do. Mtindo wa sol-fa, uliositawishwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19 na kuenea katika kwaya zetu, una faida hii kubwa: do haikufungwa mahali pamoja, bali huhamishwa kumfuata mwimbaji.

Shuleni mambo huwa kinyume. Mwalimu mwanamume huanzisha wimbo mahali panapomfaa yeye. Sauti yake i oktavo moja chini ya ile ya watoto. Baadhi yao huifuata vema huko juu. Wengine hujaribu kushuka ilipo, wakakwama na kunguruma. Mwalimu humwambia mtoto wa namna hiyo kwamba hana sauti, naye hunyamaza, pengine maisha yake yote. Kosa si la mtoto, ni la do iliyowekwa pasipomfaa.

Mwalimu binafsi hathubutu kusema neno hilo, kwani mwanafunzi aliyekata tamaa harudi, na ujira hukoma. Haja humfundisha subira. Mwanafunzi asipoweza kuifikia sauti ya mwalimu, mwalimu huifuata ya mwanafunzi. Wakishakutana, hupanda pamoja. Vivyo hivyo mvulana anayevunja sauti hafukuzwi: hupewa nyimbo zenye nafasi fupi, aziimbe kwa upole bila kujikaza.

3. Ufundishaji wa chombo

Kanuni ni moja: sikio hutangulia mkono.

(a) Ngoma: mdundo husemwa kwa kinywa, hupigwa kwa viganja mapajani, ndipo mkono uguse ngozi.

(b) Kinanda: mkono wa kuume hujifunza peke yake, kisha wa kushoto, ndipo yote miwili kwa mwendo wa pole.

(c) Gitaa: mwanafunzi hukaza na kulegeza nyuzi mwenyewe mpaka sikio liridhike.

Utaratibu huu si mgeni Usukumani, ambako vyama vya Bagika na Bagalu vimeshindana kwa ngoma tangu karne ya 19. Anayeitikia miongoni mwa wengi hupata sikio kwanza. Kuongoza huja baadaye.

4. Mfano wa somo la dakika 30

Dakika 5: kusikiliza zoezi la nyumbani bila kumkatiza mwanafunzi.
Dakika 5: kulainisha sauti au vidole.
Dakika 10: sehemu moja ngumu, na kosa moja tu la kusahihisha.
Dakika 7: kipande kizima, tangu mwanzo hadi mwisho.
Dakika 3: zoezi jipya la nyumbani.

Yafaa kuzingatia kwamba mwanafunzi huondoka akiwa amepiga au ameimba kitu kilichokamilika, wala si vipande vitupu.

5. Matumizi darasani

Yasemwa kwamba haya hayawezekani penye watoto 60. Lakini mwalimu akiwasikiliza wanne mmoja mmoja katika kila kipindi, wakati wengine wakiimba kwa kuitikia, atakuwa amewasikia wote katika vipindi 15. Aandike katika daftari lake mipaka ya sauti ya kila mmoja, kisha achague do inayowafaa wengi wao, na kuwaweka wenye shida karibu na wenye sauti thabiti.

6. Hitimisho

Chombo kikikosekana, sikio la mwalimu halikosekani. Mwalimu asiyewasikia watoto mmoja mmoja hana haki ya kuamua nani ana sauti na nani hana.

Zoezi kwa wanachuo: Msikilizeni mwenzenu mmoja akiimba wimbo mfupi kwa do tatu mbalimbali. Andikeni ni ipi iliyomfaa, na mmeitambua kwa dalili gani.